Tumvue Kolekole au Tumwache?

Kila mwaka, likizo ya katikati ya mwaka wa skuli ikifika, sisi watu watano wa nyumba moja ya Ghubra hupakia gari tukaenda pwani ya kusini, mwendo wa saa tatu kutoka Maskati, tukakaa siku nne. Nyumba tunayokodi ni ile ile. Ina vyumba viwili vya kulala, jiko lenye dirisha linalotazama maji, na baraza ambayo mama mkwe huimiliki tangu tunapofika mpaka tunapoondoka. Mbele yake kuna khori, mahali bahari ilipoingia ndani ya nchi kavu kwa mlango mwembamba wa mawe kisha ikatanuka. Maji yake yametulia hata mgeni huuliza kama ni ziwa.

Watano hao ni mimi, ambaye ni afisa katika wizara moja ya Al Khuwair na kazi yangu ni kusoma barua na kuamua ziende kwa nani. Mke wangu, mwalimu wa hesabu. Mama yake, aliyezaliwa Unguja na kuja Oman akiwa msichana. Binti yetu mkubwa, aliye chuo kikuu. Na binti mdogo, wa miaka minane.

Katika safari hizo nilikuwa na kazi yangu maalumu. Kila alasiri nilichukua mshipi wa mkono na vipande vya kamba wa baharini kwa chambo, nikakaa juu ya jiwe, nikavua changu wadogo wa kadiri ya kiganja. Mke wangu aliwakaanga, tukala na wali na achari. Hakuna aliyenisifu, lakini hakuna aliyelalamika, na mimi katika nyumba yenye wanawake wanne nilikuwa nimeridhika na hali hiyo.

Balaa lilianzia ofisini. Mwenzangu wa chumba cha pili alinionesha picha kwenye simu: yeye mwenyewe, amemkumbatia samaki kama mtu anavyomkumbatia ndugu aliyempokea uwanja wa ndege. Alikuwa kolekole. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, kimetuna kama cha fahali, na jicho lake lilikuwa likitazama kamera kwa dharau.

“Hawa wanaingia kwenye mlango wa khori lile unalokwenda wewe kila mwaka,” akaniambia. “Wewe unakaa nao jirani halafu unavua watoto wa changu!”

“Wanashika ndoana?”

“Hawashiki. Unarusha chambo, unavuta. Unarusha, unavuta. Mimi nimekwenda kila wiki kwa miaka mitatu ndipo nikampata huyu.”

Mtu mwenye akili zake akisikia miaka mitatu hurudi kwenye barua zake. Mimi niliuliza fimbo inauzwa wapi.

Nilinunua fimbo ndefu ya kuvulia, na gurudumu lake la mshipi, na samaki watatu wa plastiki wenye ndoana tumboni, nikavificha nyuma ya pazia la majlis, sebuleni kwetu. Mpango wangu ulikuwa niwatayarishe watu kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima: leo nitaje khori, kesho nitaje samaki, keshokutwa nitaje fimbo. Siku ya pili niliporudi kutoka kazini nilimkuta mama mkwe roshanini anafukuza njiwa waliokaa juu ya mashine ya AC. Alikuwa akiwafukuza kwa fimbo yangu.

“Nyepesi hii,” akasema. “Nnakuombea dua. Njiwa hawa wamenisumbua mwezi mzima.”

“Mama, hiyo si ya njiwa. Ni ya samaki.”

Akaitazama juu mpaka chini. “Samaki gani huyo wa kupigwa fimbo?”

Basi siri ikawa imetoka, na Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikawekwa kitako kwenye majlis nijieleze. Nilieleza vizuri. Nilieleza habari za kolekole, nguvu zake, ujanja wake, jinsi anavyoingia khori maji yakijaa. Mke wangu alinisikiliza kwa ule utulivu anaowasikilizia wanafunzi ambao hawakufanya kazi ya nyumbani.

“Likizo siku nne,” akasema. “Ya kwanza tunafika tumechoka. Ya nne tunafungasha. Zimebaki mbili, na hizo mbili unataka kumpa samaki.”

“Si siku nzima.”

“Mwenzako alikwenda mara moja kila wiki, miaka mitatu. Wewe utakuwa na siku mbili kwa mwaka. Piga hesabu utampata lini.”

Nilipiga kichwani kimya kimya. Ilikuja miaka sabini na minane. Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, kwa hiyo ningempata nikiwa na mia na ishirini na tisa, inshallah.

Binti mkubwa, ambaye alikuwa na simu mkononi na alikuwa ameshasoma kila kitu kabla sijafika sentensi ya tatu, akasema kolekole wakubwa ni wazee, na hao wazee ndio wanaozaa. “Watu wanaojua, baba, wakimpata wanampiga picha wanamrudisha majini.”

Mama mkwe akaacha kumenya chungwa. “Wanamrudisha?”

“Ndiyo, bibi. Anakwenda zake.”

“Yaani mtu anaamka alfajiri, anamtoboa mnyama wa watu mdomo, anamvuta, anamtoa roho, halafu anamwambia nenda zako, nilikuwa nataka kukuona tu? Sasa huko mnakwenda kuvua au kusalimiana nae?”

“Ni mchezo, bibi.”

“Mchezo wa nani? Umeshamuuliza samaki kama anacheza?”

Hapo ikawa zogo. Binti alisema kumuua mzee wa bahari ni dhambi kwa bahari. Bibi alisema kumtesa kiumbe kwa kujifurahisha ndiyo dhambi, na kama ameshavuliwa basi aliwe, na kichwa chake apewe yeye akipike mchuzi wa nazi na ndimu. Alipotaja kichwa, sauti yake ilibadilika. Akauliza kichwa cha kolekole mkubwa kina ukubwa gani. Nikamwonesha kwa mikono. Akatazama ile nafasi iliyo kati ya mikono yangu kwa muda.

“Mwache mwanamume akavue,” akamwambia binti yake.

Kwa hiyo tulikuwa wawili kwa wawili, na kura ikabaki kwa mtoto wa miaka minane. Alikuwa amelala chali kwenye zulia, miguu imeegemea ukuta. Alifikiri sana. Akasema anakubali kwa masharti: asubuhi moja tu, tangu sala ya Alfajiri mpaka adhana ya Adhuhuri, na alasiri ya siku hiyo hiyo nizikwe mchangani mpaka shingoni bila kushika simu. Kuhusu kumla au kumrudisha, akaamua hivi: samaki akiwa mrefu kuliko yeye, arudi baharini, akiwa mfupi, kichwa cha bibi.

“Na nani atakupimeni?” bibi akauliza.

“Mimi nitalala chini pembeni yake.”

Mke wangu akaandika masharti yote kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji.

Tulifika Jumapili jioni. Jumatatu baada ya sala nilishuka mpaka kwenye mawe ya mlango wa khori, na nyuma yangu ikaja safu ambayo sikuitarajia. Nilidhani nitakwenda peke yangu. Mtoto alikuja kuhesabu mirusho, na kwa ajili hiyo alikuwa amevaa kidoleni kile kihesabio cha dhikri cha bibi, chenye kitufe cha kubonyeza. Bibi alikuwa amemwazima kwa sharti kila akibonyeza aseme subhanallah. Bibi nae alifuata na kiti chake cha plastiki, kulinda kihesabio. Binti mkubwa alibeba chupa ya chai na kusimama kwa niaba ya bahari. Mke wangu alibaki jikoni. Alisema ana vitumbua vyake.

Nikarusha. “Subhanallah,” nikasikia nyuma yangu. Nikavuta. Nikarusha. “Subhanallah.” Sijawahi kuvua kwa thawabu namna hiyo. Jua likapanda juu ya majabali, maji yakatoka rangi ya risasi yakawa ya kijani, na bega langu likaanza kunikumbusha kwamba kazi yangu ni ya karatasi.

Kwenye arubaini na moja nilivuta fimbo nyuma, nikaitupa mbele kwa nguvu zangu zote, na fimbo ikagoma. Ilikuwa imeshika kitu kizito. Halafu nikatambua kwamba mshipi umeelekea nyuma, si mbele.

“Mwanangu,” mama mkwe akasema kwa upole, “mimi nshakula ndoana.”

Samaki wa plastiki alikuwa amening’inia kwenye kanga yake, kwenye ile pembe iliyoshukia begani. Haikumgusa ngozi, namshukuru Mungu mpaka leo. Binti mkubwa aliichomoa ndoana huku akitetemeka kwa kicheko asichotaka kukionesha. Mdogo alitaka kujua kama mrusho huo unahesabiwa.

“Hesabu,” bibi akasema. “Amepata mkwe. Nipimeni basi, kama mrefu nirudisheni.” Akasogeza kiti hatua kumi nyuma, akajifunga kanga upya, na hakunisema tena, jambo ambalo lilinitia haya zaidi kuliko kama angenisema.

Nilinasa mfuko wa plastiki. Nilinasa jiwe, mara mbili. Ilipokaribia Adhuhuri mtoto alikuwa amefika mia na kumi na mbili, na subhanallah zake zilikuwa zimechoka. Nikavuta chambo karibu na miguu yangu, bila matumaini yoyote, nikifikiria chakula, na nyuma yake nikaona kivuli.

Kwanza nilidhani ni jiwe. Jiwe likasogea. Lilikuja taratibu nyuma ya yule samaki wa plastiki, likamfuata mpaka pale maji yanapofika magotini, likasimama. Nilikiona kichwa, nililiona jicho. Nilikuwa nimesahau kuvuta. Tulitazamana. Nilihisi kama nilivyohisi zamani nilipoingia kwenye usaili wa kazi, pale mkubwa aliponitazama kabla hajafungua faili langu. Kisha akageuka, bila haraka, na mkia wake ukanirushia maji mpaka kidevuni.

Nikageuka na mimi. Mtoto alikuwa anachezea kaa. Binti mkubwa alikuwa anamimina chai. Bibi alikuwa amesinzia.

“Mmemwona?”

“Nani?”

Na kijiji cha ng’ambo kikaadhini Adhuhuri.

Mezani nilisimulia mara tatu. Mke wangu alisema huenda ilikuwa kasa. Binti mkubwa alisema jua la saa sita huwafanya watu waone mambo. Bibi peke yake aliniamini, au alijifanya, akauliza kama kichwa kilikuwa sawa na nilivyoonesha majlis. Nikasema ni zaidi. Akafumba macho.

Alasiri nilitimiza ahadi. Nililala kwenye shimo na mabinti zangu wakanizika. Hata yule mkubwa alisahau chuo kikuu chake, akawa anabeba mchanga wa maji kwa ndoo. Walinijengea ukuta, wakanitilia madirisha, wakanipa mlango. Mdogo alikuwa akinipigapiga mchanga kifuani kwa viganja vyake viwili, polepole, kama anayemlaza mtoto, huku akiniambia habari za rafiki yake wa darasani aliyehamia Madinat Sultan Qaboos na sasa ana paka. Nilisikia kila neno. Nilikuwa siwezi kufika popote, hakuna barua ya kuipeleka kwa mtu yeyote, na upepo ulikuwa baridi kiasi cha kutosha. Nikajiambia: yatosha. Nimemwona. Watu wangapi wamemwona? Kesho nitachukua mshipi wangu wa mkono nivue changu, na huyu mzee nimwache na khori lake. Niliamua hivyo kwa moyo mmoja, nikiwa nimezikwa, na nikaona nimekuwa mtu mzima.

Mke wangu akaja akachutama karibu na kichwa changu. Akasubiri watoto waende kuteka maji.

“Kesho asubuhi twende mimi na wewe,” akanong’ona.

“Wapi?”

“Kwenye mawe.”

“Sharti lilisema asubuhi moja.”

“Karatasi niliandika mimi.”

Nikamwambia kwamba nimeshaamua kumwacha. Nilimweleza na sababu, na nadhani nilizungumza vizuri, maana mchanga ulinilazimisha kutulia. Akanitazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo sukari.

“Nilimwona,” akasema.

“Ulimwona nani?”

“Kolekole wako. Nilikuwa dirishani. Niliona mgongo, niliona alivyogeuka. Maji yalipasuka hivi.” Akaonesha kwa mkono.

“Halafu mezani ukasema kasa!”

“Mbele ya watoto? Ungelala usingizi wewe mwaka mzima?” Akapangusa mchanga uliokuwa unaniingia sikioni. “Sijapata kuona kitu kama kile. Nimeunguza vitumbua.”

Jumanne tuliondoka kabla ya jua, tumewaacha wote wamelala, tukitembea kwa vidole kama wezi. Mimi nilirusha kwa saa nzima na hakuja mtu. Mke wangu alikaa juu ya jiwe akanisahihisha: unavuta haraka, unavuta polepole, mkono wako umepinda. Mwisho nikampa fimbo. Mrusho wake wa kwanza ulitua mita mbili mbele yake. Wa pili ulipiga jiwe. Lakini yeye ni mtu wa kurudia zoezi mpaka litoke, na kufikia wa ishirini chambo chake kilikuwa kinaruka mbali kuliko changu.

Hakukuwa na kivuli safari hii wala onyo. Alikuwa anavuta, na katikati ya kuvuta maji yakafunguka, na fimbo ikajipinda mpaka ncha ikagusa bahari.

“Nifanye nini?” akapiga kelele.

“Shikilia!”

“Nimeshikilia! Ananichukua!”

Alikuwa anamchukua kweli. Mshipi ulikuwa unatoka kwenye gurudumu kwa mlio mwembamba, na mke wangu, mwalimu wa miaka ishirini na sita, alikuwa anashuka kwenye mawe hatua kwa hatua, buibui limelowa mpaka magotini, ndara moja imeshaelea. Nikamrukia, nikamkamata kiunoni kwa mikono miwili, nikakita miguu.

“Usinishike mimi, shika fimbo!”

“Nikikuachia utaanguka!”

“Basi nishike vizuri!”

Sijui ilikuwa muda gani. Yeye anasema dakika kumi. Mimi nadhani haikufika mbili. Kolekole alizunguka jiwe la nje, lile la mwisho kabla ya bahari kubwa, tukasikia mshipi unakwaruza, kisha fimbo ikanyooka ghafla na sote wawili tukakaa kitako majini.

Nilidhani atalia, au atacheka. Alisimama, akakamua upindo wa buibui, akanyoosha mkono.

“Nipe chambo kingine.”

Nilimwambia bega lake litamuuma. Alisema bega ni lake. Adhana ya Adhuhuri ikapigwa, nikamtazama, akasema, “Tutasali hapa hapa,” na tukasali hapo hapo, juu ya kanga aliyoitandika kwenye mawe, tumelowa. Kisha akarusha tena. Tulirudi nyumbani karibu na saa tisa, tumeungua pua, mikono mitupu, na mmoja wetu yuko miguu chini.

Mama mkwe alikuwa barazani. Gari la mvuvi lilikuwa limepita asubuhi, akanunua changu, akakaanga, wameshakula. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akalitazama lile buibui.

“Huyu umempata wapi?” akaniuliza.

Siku ya mwisho tulifungasha. Njia nzima mke wangu aliendesha kwa mkono mmoja akidai yuko sawasawa, na tulipofika Ghubra hakuweza kuinua mkono kufungua buti. Jumamosi jioni nikampeleka kliniki. Daktari alikuwa Msudani, mpole, mwenye miwani. Alilibonyeza bega huku na huku, akamuuliza kwa Kiarabu limeumiaje.

“Nimeteleza bafuni,” mke wangu akajibu.

Daktari akaandika. Akampa dawa ya kupaka na vidonge, akamwambia asiandike ubaoni wiki nzima. Tukashukuru, tukainuka, nikafungua mlango. Mke wangu alifika kizingitini akasimama. Nilimwona anapigana na nafsi yake. Kisha akarudi, akakaa kwenye kiti kile kile, akavuta pumzi.

“Daktari,” akasema, “nakuomba ufute hilo la bafu,” na akaanza kuinyoosha mikono yake yote miwili, ule mzima na ule mgonjwa, mpaka aliposhindwa kwa maumivu. “Si hivi tu,” akamwambia. “Wallahi alikuwa zaidi ya hivi.”